Sikio la Mama Dukani

Nakumbuka Jumamosi moja nilimtoa mama kijijini kwetu Bahi, nikampeleka Dodoma mjini kununua spika. Usicheke, mwanangu. Umeniuliza ununue zipi, nami siwezi kukujibu bila kupitia kwa mama.

Wakati huo nilikuwa binti mwenye kazi, nimepanga nyumba Ipagala, pale pale mjini. Mama alikuwa mpiga muheme, ile ngoma ya kina mama inayobanwa mapajani, na dada yake, mama mkubwa Damari, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Mama mkubwa alipofariki, mama akaacha kuimba. Hata kanisani alisimama tu, midomo kaifunga. Ilituuma sana. Tulikuwa na kaseti moja ya kwaya yao, lakini kwenye redio yetu ndogo sauti zote zilikuwa uji mmoja, na mama akasema dada yake hamsikii. Ndiyo maana nikadunduliza.

Mwenye duka, kijana wa Kirangi kutoka Kondoa, alimwamkia mama kwa adabu, akatuwekea kaseti ile kwenye spika za bei kubwa kuliko zote. Mwanangu, nilipagawa! Ndefu, za mbao nyekundu, sauti laini mpaka nikasikia waimbaji wakivuta pumzi. Macho hayana pazia. Nilikwisha kuziona sebuleni kwangu.

Mama akaenda kusimama mlangoni, akazigeuzia mgongo.

"Mama, njoo ukae hapa katikati, ndipo sauti zinapokutana," kijana akamwambia.

"Niache hapa hapa, baba. Sisi ngoma tukiichagua hatuigongi wenyewe. Mwenzako anagonga, wewe unasimama mbali, wala huitazami. Kwani mchezaji anakaa mapajani pako?"

Akasikiliza. "Wanaimba vizuri. Damari simsikii."

Za pili zilikuwa na besi ya kutikisa vioo. Mama alicheka, akasema ngoma ivumayo haikawii kupasuka.

Za tatu zilikuwa fupi, nyeusi, nazo bei yake haikuwa ya mchezo. Kwangu zilikuwa kali mno. Lakini katikati ya wimbo nikaona bega la mama linacheza. Kisha akaitikia. Aliimba pale mlangoni kwa sauti niliyokuwa nimeisahau, wapita njia wakasimama, nami nikalia bila haya.

"Huyo hapo," akasema. "Damari huyo hapo."

Alisikia nini? Najiuliza mpaka leo. Nimeiweka kaseti ile mara nyingi, nikasimama mlangoni, nikafumba macho. Mama mkubwa simpati. Mafundi nao nimewauliza, kila mmoja ana maelezo yake, na yote nayapenda kuyasikia. Mama ametutoka. Spika zile nilizomnunulia siku ile bado sizipendi, na siziuzi.

Basi, mwanangu, ukienda dukani chukua wimbo unaoujua vizuri, na umchukue mtu mtakayekaa naye nyumbani. Geukeni, msizitazame. Bei itakueleza kazi iliyofanyika kuzitengeneza, na kazi hiyo uiheshimu. Ila unachokipenda wewe, bei haikijui. Usione haya kama sikio lako halikubaliani na la muuzaji, wala na langu. Kipendacho moyo ni dawa. Kabla hujatoa pesa, jiulize unatafuta kumsikia nani.

Nenda salama. Mungu akujalie nyumba ambayo ukianzisha wimbo, yupo wa kukuitikia.