Meza Iliyokatwa Miguu

Harufu ya mninga uliopigwa randa hunirudisha Kwamndolwa, mwaka ule wa mavuno mema, baba aliporudi kutoka kwa fundi akikokota meza juu ya baiskeli. Ilikuwa kubwa, nakwambia, helikopta ingetua. Siku zote tulikula mkekani, sinia moja, ugali na mlenda, mikono tisa ikipishana bila kugongana. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone; mgeni huyu alimfukuza mwenyeji. Bibi, mama yake baba, aliitazama, akabeba bakuli lake akaenda kula jikoni peke yake. "Mama, karibu mezani," baba akamsihi. "Mwanangu, nimelea watoto saba mkekani, hakuna hata mmoja aliyeanguka. Huko juu kuleni na ndege."

Siku ya nne bibi akaanza kufunga kanga zake arudi kwao Mazingara. Baba, aliyejinyima msimu mzima kwa ajili ya meza ile, akaenda kwa fundi. Akaazima msumeno. Mama alipiga yowe lililofika Handeni: "Baba Zaina, mninga huo!" Miguu yote minne ikakatwa, ikabaki shubiri moja. Baba akatandika mkeka, akaweka meza, na sinia juu yake. Bibi akaizunguka mara mbili. "Sasa hii ni meza au mbuzi ya kukunia nazi?" Kisha akaketi, akamega tonge. Kanga zikafunguliwa.

Miaka mingi baadaye, kwenye masomo ya jioni pale Korogwe, watu wazima tumebanana katika madawati ya watoto, mwalimu alitueleza kwamba neno meza tulilipata kwa Wareno, nao walilirithi kutoka Kilatini, mensa. Wahispania husema mesa, sawa na Wareno. Waitaliano wakisema mensa, wana maana ya bwalo la chakula. Na kwa Waromania, masa ni meza, na ni mlo wenyewe. Nilicheka hadi dawati likalia. "Dada Zaina, kulikoni?" Nikamjibu, "Mwalimu, hao Waromania wangeelewana na bibi yangu. Kwake meza ni mlo, si miguu."

Leo nina nyumba Kabuku na meza ya viti sita, ila wanangu hula kila mmoja na saa yake. Ile ya baba niliipandishia televisheni. Wiki iliyopita mama, magoti yamemchoka, alikuja kunitembelea, nikamkuta jikoni, chini, na bakuli lake. "Mama, karibu mezani." "Nitakuja ikishuka, mwanangu." Basi televisheni nimeihamishia kwenye ile ya viti sita. Ukiwa mkekani, inaonekana vizuri zaidi.