Jinsi tulivyoilegeza ngome ya Kontena hapa Doha kwa pasi za uongo

Wakuu, habari za popote mlipo.

Leo sina swali la visa wala la tiketi. Nina kisa cha mpira, na sijakitia chumvi hata punje. Kama kuna mdau alikuwepo kiwanjani siku ile na anapita humu, aseme nilipokosea.

Mimi ni dereva wa familia moja inayokaa The Pearl. Kwetu ni Muheza. Ofu yangu ni Ijumaa, na Ijumaa yangu ina mambo mawili, swala na mpira.

Timu yetu ni ya Watanzania wa mtaa wa Najma. Madereva, walinzi, watu wa jikoni hotelini. Tunacheza saba kwa saba kwenye kiwanja cha nyasi bandia, baada ya Alasiri.

Kuna timu nyingine ya Industrial Area, kule kwenye viwanda, Waganda wengi na Waghana kidogo. Wao wanaletwa na basi la kampuni yao. Nao walikuwa wanautaka muda uleule wa kwetu.

Msimamizi wa kiwanja, mzee mmoja Msudani, akachoka na kelele zetu. Akasema, "Khalas, imetosha. Ijumaa ijayo mcheze. Atakayeshinda abaki na saa hii, mwingine atafute pengine."

Asiyeishi huku anaweza kuona ni jambo dogo.

Wiki nzima mtu yuko kwenye usukani au kwenye moto wa jiko. Anaitwa "driver", anaitwa "brother", anaitwa "you". Ile saa yetu ya Ijumaa ndiyo anasikia jina lake likipigiwa kelele. Kuipoteza ingekuwa msiba.

Na jamaa wale hawafungiki. Wanapaki basi. Wote wanarudi nyuma, wanasubiri ukosee, halafu wanapiga mpira mmoja mrefu na umekwisha. Katikati yao yupo beki mmoja Mganda, tunamwita Kontena. Ukimwona utaelewa. Ukigongana naye, wewe ndiye unayeomba radhi.

Sasa anakuja mhusika muhimu.

Dada Achieng ni nesi, Mkenya wa Kisumu, anakaa jengo linalotazamana na letu. Zamani alicheza timu ya wanawake ya kwao. Jioni moja tunafanya mazoezi, yeye kasimama nje ya waya na kikombe chake cha chai ya karak, anacheka.

Nahodha wetu Bakari, Mzanzibari, mpishi wa hoteli na mtu wa heshima zake, akamuuliza kinachomchekesha.

"Nyinyi mnagonga ukuta na kichwa," Achieng akasema. "Hao watu huwezi wavunja na nguvu. Lazima muwalegeze kwanza. Muwafanye waanze kuulizana mpira uko wapi."

Nikadhani Bakari atanuna. Akafungua geti. "Karibu ndani, dada. Tuoneshe."

Akatufundisha pasi za uongo.

Ya kwanza aliiita "Acha". Mpira unakuja kwako, unajitia unaupokea, halafu unaupanulia miguu upite uende kwa mwenzako aliye nyuma.

Ya pili ilikuwa kisigino. Unakimbia na mpira kwenda kulia, beki anakufuata, unauacha nyuma kwa kisigino kwa anayekuja.

Ya tatu ndiyo ilituua kwa kicheko. Iliitwa "Ugomvi". Tumepata faulo, mimi na Bakari tunagombania nani apige. Tunasukumana. Wao wakituangalia sisi, Salum, mwenzetu fundi wa viyoyozi, anapiga pasi ya chini pembeni ya ukuta.

"Lakini mnisikize," Achieng akasema. "Si lazima zilete bao. Hizi ni za kuwatia wasiwasi. Beki akishadanganywa mara moja, kesho yake haamini hata mamake."

Wakuu, mimi na Bakari tulifanya mazoezi ya Ugomvi kila tulipokutana.

Siku moja nilikuwa namsubiri madam pale The Pearl, kwenye maegesho ya chini. Bakari kapita kunisalimia. Tukaona tujaribu kidogo, na chupa tupu ya maji badala ya mpira.

"Napiga mimi."

"Wewe lini umewahi kupiga faulo ikafika?"

"Usinishike shati, Bakari."

Mara mlinzi wa jengo, Mnepali mmoja mpole, akaja mbio na kujitia katikati yetu, mikono juu. "Brother, khalas, please. Same country, no fight." Tukimwelezea ni mchezo, haamini. Akatushikisha mikono. Akatulazimisha tukumbatiane. Madam akatoka kwenye lifti akanikuta nimekumbatiana na mpishi mbele ya gari lake, chupa ya maji iko chini.

Hakuuliza kitu. Mpaka leo hajauliza.

Ijumaa ikafika.

Jamaa wakashuka kwenye basi lao wakiimba. Kontena akatusalimia kila mmoja kwa mkono, kwa adabu kabisa. Huyo mtu ukimchukia unajionea haya mwenyewe.

Mpira ukaanza, na kama kawaida yao wakajikusanya nyuma. Tukapiga huku, tukapiga kule, kila mpira unagonga mguu wa mtu. Ikafika hatua Salum akawa anapiga tu mradi apige. Achieng pembeni anaita, "Wacha haraka! Cheza uongo!"

Tukajaribu Acha. Nikaupanulia miguu mpira vizuri sana, ukapita, nikageuka kuangalia. Nyuma yangu hakuna mtu. Mpira ukatoka nje.

Waganda wakacheka, nasi tukacheka.

Tukarudia. Safari hii Bakari alikuwepo, akapiga, kipa akaudaka. Lakini niliona kitu. Beki wao wa kushoto alimgeukia mwenzake akamuuliza, "Ulikuwa wako au wangu?"

Nikasikia raha mwilini, kama mtu aliyeona mlango umesahauliwa wazi.

Kipindi cha pili tukapata faulo karibu na boksi lao. Bakari akanikonyeza.

"Napiga mimi," nikasema kwa sauti.

"Toka hapa," akanijibu. "Unatuharibia kila siku."

Nikamsukuma. Akanisukuma, na zaidi kidogo ya tulivyokubaliana. Nikamwambia pilau lake la hotelini halina viungo. Hilo halikuwa kwenye mazoezi, na niliona uso wake ukibadilika kweli.

Hapo wakuu likatokea jambo ambalo hata Achieng hakulitegemea. Kontena akatoka kwenye ukuta. Akaja kutupatanisha.

"Ndugu zangu," akasema, kanishika mimi bega la kulia na Bakari la kushoto, "huu ni mpira tu. Tuko ugenini."

Salum akapiga pale pale alipokuwa amesimama Kontena. Mpira ukagonga mwamba, ukarudi, ukatolewa.

Kontena akageuka polepole. Akaangalia mwamba unavyotetemeka, akatuangalia sisi. Hakuna aliyeweza kumtazama machoni.

"Nilikuja kuwapatanisha," akasema.

Jamani. Refa mwenyewe alikuwa ameinama anacheka.

Kuanzia hapo ile ngome ikawa imelegea. Ukiusimamisha mpira, wawili wanakurukia wakidhani ni kisigino. Ukimwita mwenzako kwa jina, wanamfuata wote. Hata Bakari alipoinama kufunga kamba ya kiatu, beki mmoja alikwenda kumsimamia.

Zikiwa zimebaki dakika chache, basi lao likaanza kupiga honi, dereva anataka kuondoka. Bado hakuna bao. Ikiisha hivyo tunakwenda penalti, na kipa wao analijaza goli.

Bakari akakimbia pembeni, mara akaanguka, kashika kigimbi cha mguu. Misuli ilikuwa imembana kweli kweli, anatoa machozi.

"Ni uongo!" akapiga kelele beki wao. "Huyo msimwache!"

Wakuu, watu watatu wakaenda kumlinda Bakari aliyelala chini. Kontena akiwemo. Wamesimama wamemzunguka, mikono kiunoni, wanangoja ainuke afanye ujanja wake. Bakari anasema, "Wallahi mguu, wallahi mguu." Kontena anamjibu, "Leo hapana, ndugu yangu."

Refa alikuwa hajapiga filimbi. Mpira uko kwa Salum.

Salum akaniangalia. Mbele yangu hakukuwa na mtu. Akanipa pasi ya kawaida, ile ya kufundishwa mtoto wa darasa la kwanza, nami nikaisukuma kwa upande wa mguu. Kipa alikuwa bado anamtazama Bakari.

Sikumbuki nilivyoshangilia. Nimeambiwa nilimkumbatia refa.

Achieng akaingia kumnyoosha Bakari mguu, anacheka mpaka mikono haina nguvu, na Bakari analia huku naye anacheka. Kontena alipoona mguu unanyooshwa kwa maumivu ya kweli, akapiga magoti. "Aa, pole sana. Kumbe ilikuwa kweli." Akambeba mwenyewe mpaka nje ya chaki.

Mpira ukaisha, saa ikawa yetu.

Lakini nawaangalia wale jamaa wanapanda basi, hawaimbi tena, furaha ikanipungua. Bakari naye kaona. Akachechemea mpaka mlangoni mwa basi, akamwambia Kontena, "Ijumaa njooni. Tutachanganya timu. Sisi tuna saa, nyie mna mabeki."

Kontena akafikiri kidogo. "Na dada kocha atakuwepo?"

Sasa hivi tunacheza wote, na Achieng ndiye anayepanga. Kontena amewekwa upande wangu. Bado hazipendi pasi za uongo, anasema zinamharibia imani kwa binadamu.

Nilichojifunza: tulikuwa tunadhani ujanja ndio unafunga. Haufungi. Ujanja unamfanya beki ahame alipotakiwa kusimama, na ukishamhamisha, acha mbwembwe, toa pasi nyepesi kwa aliye peke yake. Sisi tukiendelea na mbwembwe pale mwisho, tungekosa.

Haya, wadau wa ndondo za mtaani na wa viwanja vya ugenini, nyinyi mlitumia pasi gani kuwatoa mabeki waliogoma kutoka? Na wapishi mlioko humu, mnisaidie namna ya kumwomba mtu radhi juu ya pilau, maana Bakari hilo bado hajalisahau.