Swali la Mlango

Meneja wetu alirudi kutoka semina ya Kampala na maswali mapya. Kampuni yetu ya ulinzi ina ofisi Jinja, na kwa miaka mingi tulikuwa tukiwauliza waombaji wa kazi ya uaskari mambo ya kawaida: umelinda wapi, unajua kutumia bunduki, nani atakudhamini. Meneja alisema majibu ya maswali hayo kila mtu huja amekwisha kuyakariri. Alitaka maswali ya kumkuta mtu hajajiandaa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri. Nimezaliwa Mbale, katika nyumba ya wafanyabiashara Waislamu ambako tulikuwa tukigombana na kutaniana kwa Kiswahili. Meneja ni Msoga, na mama yake hakutaka kabisa kukisikia nyumbani, maana kwake kilikuwa lugha ya wanajeshi wa vizuizi vya barabarani. Kwa hiyo walipokuja wanajeshi na askari magereza wastaafu kutoka kaskazini, ambao Kiingereza chao ni kidogo na Kisoga hawana, nilikaa katikati.

Swali la kwanza lilikuwa: ungekuwa mnyama, ungekuwa mnyama gani? Kijana mmoja wa Buwenge alijibu bila kufikiri kwamba yeye ni pongo, na kwamba ukoo wao haumli mnyama huyo. Meneja, ambaye ukoo wake ni huohuo, alicheka akamwita ndugu, na usaili ukaishia kwenye habari za shangazi zao.

Swali la pili lilikuwa la mlango. Siku hiyo aliingia mzee mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, askari magereza mstaafu aliyekuwa amepanga chumba Bugembe. Alisimama wima mpaka meneja alipomwashiria kiti, kisha akaketi na mikono juu ya magoti.

"Tuseme nyuma ya mlango huu yupo mtu unayetamani kumwona kuliko wote," nilitafsiri. "Ni nani?"

Kwetu, ukianza na "tuseme," msikilizaji anajua ni jambo la kuwaza tu. Haikunijia akilini kwamba mtu aliyejifunzia Kiswahili kambini angelisikia vingine.

Mzee aliutazama mlango. "Mtoto yangu," alisema. "Ule msichana." Kisha akaniinamia na kuuliza kwa sauti ya chini, "Iko hapa, madam? Nyinyi mmemleta?"

Papo hapo akasimama. Alilinyoosha shati lake, akafungua mlango. Kwenye baraza walikuwa wameketi waombaji wengine wakingoja zamu yao. Aliwatazama mmoja mmoja, halafu akatazama upande wa geti.

"Mzee," nilimwita. "Ni swali tu. Hakuna mtu."

"Hakuna?"

"Hakuna, mzee. Tulikuwa tunauliza tu."

Aliufunga mlango polepole, akarudi kukaa. Akatueleza kwamba binti yake alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Mwanzoni alikuwa akipiga simu, akilalamika kidogo na kucheka kidogo. Kisha simu zikakoma. Mzee alipokwenda Kampala kwa wakala aliyempeleka, alikuta ofisi yake imegeuzwa saluni. Sasa alipoliona geti letu, redio zetu na magari yetu, halafu akasikia swali lile, alidhani watu wakubwa kama sisi tumempata.

"Mimi nimesikia vibaya, afande," alimwambia meneja. "Nisamehe."

Meneja aliniuliza amesema nini. Nilimweleza yote. Aliichezea kalamu yake, kisha akasema mzee apewe kazi. Walimpeleka Mbale, kulinda duka la jumla la saruji na mabati.

Siku ileile nilimwomba meneja aliondoe swali la mlango.

"Lakini umeona lilivyomfungua?" alinijibu. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kweli kwamba amegundua kitu. Wiki iliyofuata niliwauliza watu wengine swali lilelile, ila sasa nilitangulia kusema kwamba ni mchezo wa maneno. Nilipokuwa nikilisema nilitazama meza.

Kila nilipokwenda Mbale kumwona mama yangu nilipita dukani pale. Mzee alikuwa akinipigia saluti, ananiuliza hali ya mama, halafu anauliza, "Kwa ofisi hawajasikia kitu?" Nilikuwa nimepiga kila namba aliyonipa. Nilikwenda mpaka kwa maofisa wa serikali Kampala, nikaambiwa nirudi na karatasi ambazo mzee hajawahi kuzishika mkononi. Nilimwambia hivyo, akaitikia, na safari nyingine akauliza tena.

Sikukuu ya Idi iliyopita nilikuwa natoka msikitini na mama, mzee aliponiita kutoka dukani, ng'ambo ya barabara. Alivuka mbio huku ameishika simu yake kwa mikono miwili. Namba ya nje ilikuwa imeita mara moja ikakatika.

"Wewe unajua Kiarabu," alisema. "Unaomba kwa hiyo."

Nilimweleza kwamba ninachojua ni maneno ya sala, siyo ya kuongea na mtu. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akanikabidhi simu. Nilimwekea salio kutoka simu yangu, nikaipiga ile namba.

Mwanamume alipokea. Nilimsalimu, akaitikia salamu vizuri kabisa. Nilitaja jina la binti. Yule bwana alisema maneno mengi, kwanza taratibu, halafu kwa haraka. Nililitaja tena jina lile. Alisema neno moja, akakata.

"Anasema nini?" mzee aliuliza.

"Sijui, mzee."

"Lakini salamu amejibu."

"Amejibu."

Tulipiga tena, haikupatikana. Mama yangu alikuwa amemshika mzee mkono, naye akauachia mkono wake pale kama mtoto. Lori la saruji lilipopiga honi, alisema lazima arudi kazini. Kabla ya kuvuka aliniuliza "mimi ni baba yake" inasemwaje kwa Kiarabu, ili siku nyingine wakipiga aweze kusema mwenyewe.

Hata hilo sikulijua.