Nilizama Katika Maji ya Kiunoni

Aibu hii ningeificha, lakini kwa vile rafiki yangu Neema ameshaisimulia kwa nusu ya Houston (na anavyotia chumvi huyo!), afadhali mnisikie mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, sisi akina mama wa kanisa tumetoka matembezi kando ya ule mfereji wa zamani hapa Missouri City, pembeni mwa Houston, kila mtu na hotpoti yake, mimi na gauni la kitenge na wigi jipya, maana nilijua picha zitapigwa. Kuna kibao pale njiani, wenzangu wakakipita, mimi nikasimama kukisoma, kumbe mfereji ulichimbwa na wakulima kuvuta maji ya mto Brazos hadi kwenye mashamba ya mpunga! Sasa mashamba yote yamekuwa nyumba, watu wanapiga kasia mle kwenye vitumbwi vya plastiki, wengine wanakimbia kandokando na mbwa wao.

Mpunga, jamani. Mimi ni mtoto wa Mwea, kule Kenya. Nimeogelea mifereji, nimefukuza ndege shambani, nimemwona mama yangu ameinama kwenye tope la magotini msimu baada ya msimu, na sasa ni miaka tisa namwona kwenye simu tu, kila mwaka nasema mwaka ujao.

Nikampigia simu ya video. "Mama, ona! Hata huku walilima mpunga!"

Akasogeza simu hadi nikaona paji la uso peke yake. "Naona nyasi, Muthoni. Maji yako wapi? Shuka kidogo."

Ningemwambia nitamtumia picha, yangeishia hapo. Lakini nikashuka, na viatu vya kisigino, nyasi zina umande. "Bado kidogo," mama anasema. Neema akaniita kutoka juu, "Dada, utaanguka!" nami kwa maringo nikamjibu, "Mtu wa mifereji hapa ni mimi—"

Sikumaliza. Simu iliruka nyasini, mimi nikaingia majini kwa mgongo, nikaanza kupiga mayowe nazama, nazama, mikono inatwanga maji, wakimbiaji wakasimama, mbwa wakabweka, akina mama wakaanza kumkemea shetani, na wigi langu likajiondokea taratibu hadi kwa mzee mmoja kwenye mtumbwi, ambaye alidhani ni mnyama, akalisukuma mbali kwa kasia.

Ndipo binti yangu Ivy, wa miaka kumi na miwili, akapaza sauti: "Mom! Just stand up!"

Nikasimama. Maji yakanifika kiunoni.

Watu walipiga makofi (bora wangenizomea). Mzee akalifuata wigi, akanirudishia kwenye ncha ya kasia, anaomba radhi kama aliyeniulia paka. Na katikati ya vicheko nikasikia simu kule nyasini, mama analia jina langu, maana yeye alisikia "nazama" tu, halafu akaona mbingu.

Neema akaiokota, akanielekezea. "Mzima huyu, mama. Si huyu hapa amesimama."

Mama akanitazama, mabutu ya nywele wazi kichwani, matope hadi shingoni. Nikangoja anicheke.

"Umekonda," akasema.

"Sijakonda, mama, nimelowa tu."

"Umekonda. Sasa huko nani atakukausha?"

"Nina taulo kwenye gari," nikamjibu, na najua sicho alichokuwa ananiuliza. Tope lilikuwa limenishika miguu, laini, vuguvugu, na wote ukingoni wananinyooshea mikono nitoke, wanafikiri nalia kwa aibu. Nilikaa mle majini kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Nimeapa sitamwonyesha tena mama maji kwa simu. Jumatatu niliomba likizo ya Desemba kazini. Bado hawajanijibu, na kila nikisikia simu inalia nadhani ni wao.