Mawakili Wawili wa Jengo Moja

Wakili wa kwanza niliyewahi kuzungumza naye alikuwa amesimama kwenye varanda ya duka pale Ngara, ameinua mikono, baba yangu akimpima kiuno. Baba alikuwa fundi wa cherehani. Alitoka magharibi mwa Kenya akiwa kijana, akapata ruhusa ya kuweka cherehani yake nje ya duka la vitambaa la mfanyabiashara mmoja Mgujarati, na ruhusa hiyo ndiyo iliyotulea. Mteja alinunua kitambaa ndani, akashonewa nje. Sisi tuliishi chumba cha nyuma cha jengo hilohilo. Mwenye duka na familia yake waliishi juu.

Nilikuwa kidato cha tatu wakati huo. Nilimuuliza yule wakili mtu hufanyaje ili awe kama yeye.

"Njia ni moja," akasema bila kunitazama. "Upate A, uende chuo kikuu cha serikali usomee sheria. Ukikosa hapo, tafuta kazi nyingine."

Nilimwamini mpaka matokeo yangu yalipotoka. Nilipata B+, na serikali ikanichagulia ualimu.

Binti wa mwenye duka alikuwa rika langu. Tulikua pamoja kwenye ngazi za jengo lile, yeye akinifundisha Kigujarati cha kuombea peremende kwa nyanya yake, mimi nikimfundisha Sheng ambayo mama yake hakutaka kuisikia. Naye alitaka sheria. Mtoto yule alibishana na kila mtu, hata na mwalimu wa dini. Alama zake hazikupishana sana na zangu, lakini alikuwa na mjomba India, katika mji wenye vyuo vya sheria kila mtaa. Baba yake hakuhitaji kufikiria mara mbili. Kabla baridi ya Julai haijaisha, rafiki yangu alikuwa amepanda ndege.

Mimi nikabaki na nafasi yangu ya ualimu.

"Ualimu ni kazi ya heshima, mama," Baba aliniambia. Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake mzazi. "Watoto wa watu wanalia kwa kukosa nafasi kama hiyo."

"Siidharau, Baba. Ila si yangu."

"Na hiyo sheria ni yako? Nani alikupa?"

"Hakuna aliyenipa. Ndiyo maana nataka kwenda kuitafuta."

Alishona mshono mzima wa suruali kabla hajanijibu. "Basi itafute. Lakini usinirudie hapa ukiwa umechoka, na mkononi huna kitu."

Nilikuwa nimejifunza kupiga taipu, kwa hiyo nilipata kazi katika ofisi ya wakili mmoja katikati ya jiji, mwendo mfupi kutoka mahakamani. Wakati huo vyuo vikuu vilikuwa vimeanza kupokea wanafunzi wa kujilipia, waliosoma jioni baada ya kazi, nami nikajiunga nao. Mchana nilichapa mashtaka, viapo na notisi. Jioni nilikaa darasani nikaelezwa ni kwa nini zile karatasi huandikwa vile zinavyoandikwa. Kuna siku mwalimu alitaja kifungu fulani nikajikuta nacheka peke yangu, maana nilikuwa nimekichapa asubuhi ileile bila kujua kina maana gani.

Wanafunzi wa mchana hawakutupenda sana. "Nyinyi ni watu wa mlango wa nyuma," kijana mmoja aliniambia kwenye ngazi za maktaba.

"Mlango wa nyuma unaingia nyumba ileile," nikamjibu, nikampita.

Rafiki yangu aliniandikia barua pepe kutoka India, nami nilizisoma kwenye saiba, duka la intaneti lililokuwa karibu na ofisi. Alijisifu bila haya. Huko kwao wanafunzi walisimama kila wiki mbele ya majaji wa kuigiza na kubishana hadi sauti zikakauka. "Nyinyi mnasoma sheria," aliandika, "sisi tunapigana nayo." Nikamwandikia kwamba kesi zake ni za kubuni, na zangu zina wenyewe. Tulibishana hivyo miaka yote, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Aliporudi na shahada yake, akaambiwa kwamba kabla ya kuingia shule ya mafunzo ya uwakili, ambayo kila mmoja wetu alilazimika kupitia, ni lazima kwanza afanye mitihani ya ziada katika sheria za Kenya. Alikuja kunitafuta akiwaka moto.

"Miaka mitano! Halafu wananiambia sijui sheria ya ardhi ya nchi niliyozaliwa!"

"Na kweli huijui," nikamwambia. "Twende juu nikufundishe."

Alinitazama kama anayetaka kunipiga, kisha akacheka. Tulisomea juu ya paa, kati ya kamba za nguo. Nilimfundisha ardhi na urithi. Naye, tulipochoka na vitabu, alinisimamisha na kuniamuru nitetee kesi yoyote itakayonijia akilini.

"Unaongea kama mtu anayesoma tangazo la mazishi," alinikosoa. "Inua uso. Mimi ndiye jaji, si hiyo karatasi."

Alifaulu mitihani yake, tukaingia shule ile pamoja. Darasani tulikuta watu wa kila njia. Kulikuwa na vijana waliotoka moja kwa moja chuo kikuu cha serikali, wepesi wa hoja, waliodhani kesi huishia kwenye hoja. Kulikuwa na inspekta wa polisi aliyekuwa ameendesha mashtaka katika mahakama za mahakimu kwa miaka mingi, akasomea shahada akiwa bado kwenye sare. Huyo alimjua shahidi mwongo kabla hajafungua mdomo, lakini mkataba wa kawaida wa kibiashara ulimtoa jasho. Kulikuwa na mama wa watoto wanne aliyesomea shahada ya Uingereza kwa posta, mezani kwake jikoni, bila kukanyaga Uingereza. Sijaona mtu mwenye nidhamu ya kusoma kama yule. Mtihani ulikuwa mmoja kwa sote, na haukumuuliza mtu alikotoka.

Kipindi chetu cha kufanya kazi chini ya wakili mwenye uzoefu tulikipata ofisi moja, nyumba ya zamani iliyogeuzwa ofisi huko Muthangari, kwa wakili mama aliyekuwa mkali na mwenye haki. Tulikuwa hapo wakati jengo letu la Ngara liliponunuliwa. Mwenye jengo mpya alipeleka karatasi katika kila duka: mwisho wa mwezi, wote watoke.

Yule wakili mama alijitolea kumwakilisha baba ya rafiki yangu mbele ya baraza linaloamua kesi za wapangaji. Mzee akakataa katakata.

"Mimi nitaongea mwenyewe," alisema. "Hii duka ilikuwa ya baba yangu. Huyu mtu alikuwa bado hajazaliwa."

Sisi wawili hatukuwa tumeapishwa, kwa hiyo hatukuruhusiwa kumsemea. Tulichoweza ni kumwandaa. Niliisoma ile karatasi mara moja tu. Nilikuwa nimechapa notisi za aina hiyo nisizoweza kuzihesabu, na nilijua kwamba mpangaji wa duka wa aina yake hatolewi kwa barua ya kawaida. Sheria ina fomu yake, na muda wake haupungui miezi miwili.

"Hiyo inatosha kushinda?" rafiki yangu akauliza.

"Inatosha, baba yako asipoiharibu."

Rafiki yangu alimjua baba yake. Jioni ile walipofunga duka, alikaa nyuma ya meza ya kukatia vitambaa kama mwenyekiti wa baraza, mimi nikawa wakili wa mwenye jengo. Nilimuuliza mzee kama ni kweli duka lake limechakaa. Akawaka, akaanza kumtukana mwenye jengo na ukoo wake.

"Papa, hapo umeshashindwa," binti yake akamwambia. "Jibu ulichoulizwa, halafu nyamaza."

Tulirudia mpaka akaweza. Baba yangu alikuwa amesimama mlangoni wakati wote, tepu ya kupimia shingoni.

"Na mimi je?" akaniuliza hatimaye. "Karatasi yangu iko wapi?"

Lilikuwa jambo gumu kuliko mtihani wowote niliowahi kuufanya. Nilimweleza kwamba yeye si mpangaji. Yupo pale kwa ruhusa ya mwenye duka. Duka likiondoka, naye anaondoka, wala hakuna wa kumuuliza.

"Miaka yote hii," akasema polepole, "sheria hainioni?"

"Haikuoni, Baba."

Aliivua tepu shingoni, akaikunja. Kisha akasema, "Basi lishikeni duka vizuri."

Siku kesi iliposikilizwa barazani, tulikaa benchi la nyuma. Wakili wa mwenye jengo alizungumza kwa ufasaha juu ya ukarabati na sura mpya ya mtaa. Mwenyekiti akamgeukia mzee na kumuuliza kama ana la kusema. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu. Rafiki yangu alinibana mkono. Mzee akavuta pumzi.

"Naomba usome hiyo karatasi tu," akasema, akakaa.

Mwenyekiti aliisoma, akaigeuza kutazama nyuma yake, nyuma hakuna kitu. Akasema hiyo si notisi inayojulikana kisheria, na mzee abaki dukani kwake.

Mwenye jengo hakukata tamaa. Alirudi na notisi iliyo sahihi, lakini wakati huo tulikuwa tumeshaapishwa, na mzee, kwa fahari ambayo hakujaribu kuificha, akakubali kuwa na mawakili wawili. Mimi nilichambua nyaraka na kugundua kwamba ule ukarabati haukuwa na ramani iliyoidhinishwa na baraza la jiji. Rafiki yangu alisimama akalisema jambo hilo kwa namna ambayo mimi nisingeliweza. Wazazi wanaponiuliza leo ni njia ipi bora ya kumfikisha mtoto kwenye uwakili, mimi hukumbuka asubuhi ile. Huwaambia njia yangu ilikuwa nzuri, kisha huwapa namba ya rafiki yangu, ambaye atawaambia nimewadanganya.

Mwenye jengo aliomba mapatano. Tulikutana kwenye ofisi ya wakili wake, na tulipokaribia kumaliza, rafiki yangu akaweka kalamu chini.

"Bado varanda," akasema.

"Varanda gani?"

"Kuna fundi pale. Tunataka aandikwe kwa jina lake, kama mpangaji mdogo chini ya mwenye duka, na mwenye jengo aweke sahihi."

Hatukuwa tumelipanga. Wakili yule alitutazama mmoja mmoja, akaona hatuendi popote, akaandika.

Nilimpelekea Baba nakala yake nikamfasiria mstari kwa mstari. Akanifanya nirudie palipokuwa na jina lake. Halafu akaniomba nisogee kidogo, kwa sababu nilikuwa nimemzibia mwanga, na kulikuwa na bwana harusi aliyehitaji suti yake kesho yake.