Marahaba Zinanimaliza Pumzi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, someni polepole, maana nami nimeyaandika polepole. Shule yangu ni ya ngumbaru, na kifua changu kina saratani ya mapafu. Daktari alinieleza, nikamwelewa. Pole zenu kaeni nazo.

Kinachonikera ni vitu vidogo. Kuinama kuvaa kiatu, nahema. Kukuna nazi moja, napumzika mara tatu. Muuguzi alinifundisha: vuta hewa kwa pua, itoe mdomoni taratibu kama unapoza uji, ukizidiwa, keti uinamie mbele, mikono magotini. Nafanya, inasaidia. Lakini muuguzi hakai mtaani kwetu. Hakunifundisha nifanyeje na shikamoo.

Toka mlangoni kwangu mpaka sokoni Kariakoo si mbali. Zamani nilikuwa naenda na kurudi chai haijapoa. Nazi siagizi mtu. Naitikisa sikioni, nasikia maji yake, najua. Mkwe wangu analeta nazi mbovu, halafu ananiambia, “Mama, muuzaji kaniapia.”

Mwezi uliopita nikatoka asubuhi peke yangu. Hatua kumi tu, fundi cherehani: “Shikamoo bibi!” Marahaba. “Umeamkaje? Kifua je?” Hakijambo. Mbele, mteremsha marobota ya mitumba: “Shikamoo mama mkubwa!” Marahaba. Mama lishe naye kaacha chapati ziungue aje aniulize nimelalaje. Nimelelewa kuitikia, siwezi kumpita mtu kimya. Lakini kila marahaba ilikula pumzi ya kunifikisha kwenye nazi. Nilipofika kona ya Msimbazi sikuwa nayo tena. Nikashika mkokoteni, nikainama.

Watu wakanizunguka. “Mpeni hewa!” mmoja anapiga kelele. “Jamani, mpeni bibi hewa!” Wote wanasema nipewe hewa, hakuna anayesogea. Huyu ananipepea na boksi la viatu, yule kaniinamia usoni: “Shikamoo bibi, unaumwa?” Hata hapo! Nilitaka kumzaba kofi, mkono ukakataa. Wakanipakia kwenye bajaji, nikarudishwa nyumbani kama gunia, bila nazi.

Jioni mwanangu akasema, sokoni basi. Viatu vyangu vikafichwa, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Wiki tatu nimekaa kibarazani nawatazama wenye pumzi zao wakipita. Nimekula mchuzi wa nazi iliyochacha nikanyamaza. Na kule kukaa hakukuniongezea pumzi. Siku ya kwanza nilifika msalani bila kusimama. Wiki ya tatu nasimama njiani, nimeshika ukuta. Nikaona wazi: nikiendelea kutunzwa hivi, nitaishia kitandani kabla ya siku yangu.

Jana nikawaita wote sebuleni. Mwanangu akaanza, “Mama, sisi tunakuonea huruma...”

“Huruma ivae wewe,” nikamwambia. “Mimi nataka viatu.”

Nikamgeukia mjukuu wangu wa kike, yule mwenye mdomo, nikampa kazi ya kuniitikia salamu njiani. Akashtuka.

“Bibi, mimi nimwitikie fundi cherehani marahaba? Si atanichapa?”

“Utasema, bibi anasema marahaba. Akitaka kuchapa, anichape mimi.”

Akacheka. Mkwe wangu naye akacheka, kisha akaziba mdomo na kanga. Nikangoja wamalize, maana kucheka nao kunanigharimu. Nikavuta kwa pua, nikatoa kwa mdomo, nikasema mara moja ili nisirudie:

“Kesho asubuhi, jua halijachoma, tunaenda sokoni. Wewe binti utatangulia, uitikie. Mimi nitainua mkono tu. Mkwe wangu, mpe kile kigoda abebe, nitaketi nitakapotaka. Nikiinama, asinisogelee mtu. Na viatu vyangu virudi mlangoni sasa hivi.”