Yadi Saba za Mzee Wilfred

Wenzake wakitaka kuchangisha pesa huoka keki, au hukimbia mbio wakatweta mpaka mtu akawahurumia. Gillian Alderson akasema yeye atajenga ukuta. Watu wa Swaledale, bonde la wafugaji kaskazini mwa Uingereza, hawana kicheko cha sauti; walikunja kona ya mdomo tu wakasema, "Haya." Mpishi wa shule, miaka hamsini na saba, mgongo umeshachoshwa na masufuria, leo ajenge ukuta wa mawe!

Sababu anayo. Baba yake, mzee Wilfred, ndiye aliyekuwa fundi wa kuta za bonde lile, kuta zisizojua saruji wala udongo, jiwe juu ya jiwe, na mjukuu anazikuta zimesimama. Sasa mzee ana themanini na nne, na ugonjwa wa kusahau umemkomba. Kila asubuhi humwulizia mkewe aliyekwisha kufa, na Gillian, binti anayemlisha, humwita "yule mama." Kila Alhamisi chama kinachosaidia wagonjwa wa namna hiyo kilimleta muuguzi akae naye, Gillian akapata kulala saa mbili. Saa mbili hizo ndizo zilizomwokoa asirukwe na akili. Halafu chama kikaanza kuishiwa, na Gillian si mtu wa kupokea asirudishe.

Clifford Raw, mfugaji wa kondoo, alikuwa na pengo la yadi saba kwenye ukuta ambao Wilfred mwenyewe aliujenga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Clifford ufa aliutazama miaka kumi. Akampa Gillian pengo lake, na waumini wa kanisani wakaahidi kulipia kila yadi itakayokuwa imesimama Jumapili. Sharti la Clifford lilikuwa moja tu: Jumatatu kondoo wanarudi malishoni, kwa hiyo pengo likibaki, anavuta seng'enge na mchezo umekwisha.

Ijumaa adhuhuri yadi sita zilikuwa zimepanda, zinapendeza kwa mbali. Jirani anayemwangalia mzee alikuwa na mafua, basi Gillian akaja naye, akamketisha kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini. Akageuka kumimina chai. Aliposikia jiwe linaanguka, mzee alikuwa ameshasimama, anachomoa la pili.

"Baba, acha!"

Hakuacha. Akachomoa la tatu, na hapo ukuta ukatoa tumbo, yadi nne zikamwagika majanini. Gillian alitaka kulia, na kwa kweli alitaka pia kumpiga. Wiki mbili za jasho, vidole vimechubuka, na anayezibomoa ndiye anayejengewa.

Mzee alikuwa anatazama yale mawe kwa uso ambao Gillian hakuuona tangu miaka mitatu nyuma, uso wa mtu aliye kazini. Akamwonyesha jiwe refu. Gillian alikuwa amelilaza kwa urefu usoni mwa ukuta, lijaze nafasi haraka. Mawe yote marefu alikuwa ameyalaza hivyo.

"Jiwe refu linaingia ndani, likaushike ukuta," mzee alisema. "Wewe umelilaza kama mlevi mtaroni. Nani kakufundisha upuuzi huu?"

"Hakuna. Nilikuwa nawapelekea mafundi chakula, nikawa natazama."

"Baba yako ana kazi gani?"

"Fundi wa kuta."

"Na hakukufundisha?"

"Nilimwomba. Alisema si kazi ya wasichana."

Alikuwa na miaka kumi na miwili siku ile, na aliambiwa mbele ya mafundi wote, wakacheka. Hakuomba tena.

Mzee aliligeuza jiwe mkononi. "Baba yako alikosea," akasema. "Lete hilo la bapa. Na ukishaliokota usiliweke chini, litafutie mahali pake."

Clifford alifika na pikipiki yake ya magurudumu manne, akaona uharibifu, akauliza sasa Jumapili watu wataambiwa nini. Gillian akamjibu bila kugeuka kwamba watalipia zitakazosimama. Yadi mbili zilizobaki nazo akazibomoa kwa mkono wake mwenyewe. Akajenga Ijumaa ile mpaka jua linazama, na Jumamosi nzima, mzee akiwa kitini anamkaripia: hilo hapana, geuza, umelala?

Jumapili ukuta ulikuwa yadi tatu. Watu walipotoka kanisani wakaja kuutazama, Gillian aliwaambia kweli yote, kwamba sita za mwanzo zilikuwa takataka. Clifford akaupiga ukuta teke, teke la haki, kwa buti la shambani. Halikutikisika hata jiwe moja. Akasema pengo lililobaki ataliziba kwa mageti ya mbao mpaka Gillian amalize, seng'enge hataki kuiona. Wakalipia yadi tatu, na wengine wakasema ya nne na ya tano watazilipia zikisimama.

Mama mmoja wa kanisani akainama kwa mzee, akamwambia kwa sauti ya kumwambia kiziwi kwamba bintiye kajenga vizuri sana.

"Huyu?" Wilfred alisema. "Simjui ni wa nani." Akamtazama Gillian, viganja vyake vilivyochubuka, kisha akamwambia yeye mwenyewe, "Ukifika nyumbani mwambie baba yako nimesema unafaa."

"Nitamwambia," Gillian akasema.